DNA, jeni na selimundu: mtoto amerithi nini, na kwa nani?

Mtoto anapogundulika kuwa na selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita, swali la kwanza nyumbani mara nyingi si "tumtibu vipi?" bali "ugonjwa huu umetoka upande wa nani?" Mama mkwe anauhesabu ukoo wake na kusema kwetu hakuna. Wajomba nao wanasema hivyo hivyo. Mwishowe lawama humwangukia mama, kwa kuwa ndiye aliyebeba mimba, na ziko ndoa zilizovunjika kwa jambo hilo. Wengine huenda kwa mganga kumtafuta aliyeroga.

Jibu la kitabibu ni fupi. Mtoto mwenye selimundu ya aina ya SS amepokea jeni moja ya selimundu kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Lakini jibu hilo halimtoshi mtu ambaye hajaelezwa jeni ni nini, inakaa wapi mwilini, na imekuwaje watu wawili wenye afya njema wakampata mtoto mgonjwa. Ukurasa huu unaeleza hayo.

DNA ni nini?

Mwili umejengwa kwa seli, ambazo ni ndogo kiasi kwamba huonekana kwa hadubini tu. Ndani ya seli nyingi kuna kiini, na ndani ya kiini kuna nyuzi 46 zinazoitwa kromosomu. Zimepangika kwa jozi 23. Katika kila jozi, uzi mmoja ulitoka kwenye yai la mama na mwingine kwenye mbegu ya baba. Kila kromosomu ni uzi mrefu wa DNA uliokunjwa na kuviringishwa mara nyingi ili uenee mahali padogo. Ukizinyoosha nyuzi zote za seli moja na kuziunganisha, urefu wake unakaribia mita 2.

DNA ina umbo la ngazi iliyosokotwa kama kamba. Kila kipandio cha ngazi hiyo kimeundwa kwa kemikali mbili zilizoshikana, nazo ni za aina nne tu, ambazo wanasayansi huziandika kwa herufi A, T, G na C. A hushikana na T, G hushikana na C. Kwa hiyo ukiujua upande mmoja wa ngazi umeshaujua na wa pili, na ndivyo seli inavyoweza kunakili DNA yake yote kabla ya kugawanyika. Umbo hili lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick huko Cambridge, wakitegemea pia picha za eksirei zilizotoka katika maabara ya Rosalind Franklin mjini London. Seti moja ya nyuzi 23, yaani ile unayopokea kwa mzazi mmoja, ina herufi zipatazo bilioni 3.

Neno moja kuhusu maneno. Tanzania, "vinasaba" hutumika kwa DNA na kwa jeni pia, na magazetini "kipimo cha DNA" karibu kila mara ni kipimo cha kumtambua baba wa mtoto. Hapa tunasema DNA tukimaanisha uzi wenyewe, na jeni tukimaanisha kipande cha uzi huo chenye kazi yake.

Jeni hufanya kazi gani?

Jeni ni maelekezo ya kutengeneza kitu, mara nyingi protini. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000. Protini ndizo zinazofanya kazi za mwili: nyingine hujenga misuli, nyingine humeng'enya chakula, nyingine hubeba oksijeni katika damu.

Seli haiitoi DNA yake nje ya kiini. Huinakili kwanza jeni inayohitajika kwenye kemikali nyingine iitwayo RNA, na nakala hiyo ndiyo inayotoka kwenda kusomwa. Husomwa herufi tatu tatu. Kila herufi tatu hutaja asidi amino moja, na asidi amino zinaunganishwa moja baada ya nyingine kama mtu anayetunga shanga. Rangi za shanga zikifuatana sawasawa, protini hujikunja katika umbo lake na kufanya kazi yake. Shanga moja ikiwa siyo, wakati mwingine hakuna kinachotokea. Wakati mwingine kila kitu hubadilika.

Selimundu ni mfano wa hilo la pili. Katika kromosomu namba 11 kuna jeni iitwayo HBB. Ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza beta-globini, utepe wa shanga 146. Tepe mbili za beta zikiungana na mbili za alfa, ambazo maelekezo yake yako kwenye kromosomu namba 16, hupatikana himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Shanga ya sita ya beta-globini kwa kawaida huandikwa GAG. Katika jeni ya selimundu imeandikwa GTG. Ile A ya katikati imekuwa T, na badala ya asidi amino iitwayo asidi ya glutamiki ikawekwa nyingine, valini. Hilo ndilo kosa lote: herufi moja kati ya bilioni 3. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akaionyesha ile shanga yenyewe.

Tazama basi kile ambacho hakimo katika maelezo haya. Hakuna chakula ambacho mama alikula au hakula akiwa mjamzito. Hakuna alichokiona wala alichokitamka. Herufi ile ilikuwa imeshaandikwa kwenye yai na kwenye mbegu kabla ya siku ya kwanza ya mimba.

Je, kuongezewa damu kunabadilisha jeni?

Swali hili huulizwa sana, kwa namna mbili. Wapo wanaotumaini kwamba mtoto akiongezewa damu "nzima" mara nyingi atapona, na wapo wanaoogopa kwamba mtu anaweza kupata selimundu kwa kuongezewa damu. Yote mawili hayatokei. Seli nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo haina DNA ya kumpa mtu mwingine. Ilitengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uloto, na ni huko jeni zilikosomwa. Damu aliyoongezewa mtoto humsaidia kwa wiki kadhaa, kisha seli zile huzeeka na uloto wake unaendelea kusoma maelekezo yake mwenyewe.

Kutoka herufi hadi maumivu

Valini ile ina tabia ya kunata. Himoglobini ya selimundu inapoachia oksijeni, molekuli zake hushikana na kujipanga kuwa nyuzi ngumu ndani ya seli, na seli iliyokuwa laini na ya duara hujikunja kama mundu wa kuvunia mpunga. Jina la ugonjwa limetoka hapo. Seli zilizokunjika hazipiti vizuri kwenye mishipa midogo. Huziba njia, na sehemu iliyokosa damu huuma. Pia hazidumu. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya selimundu mara nyingi siku 10 hadi 20, na ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu na macho yake huwa ya njano.

Wazazi hushangaa kwamba mtoto alizaliwa na uzito mzuri, akanyonya, akacheka, kisha akiwa na miezi sita au zaidi vidole vya mikono na miguu vikaanza kuvimba na kuuma. Hapo ndipo maneno ya kurogwa huanza. Sababu iko kwenye jeni nyingine. Mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini ya kichanga, yenye maelekezo yake tofauti, na himoglobini hiyo haina shanga yenye kosa. Baada ya kuzaliwa jeni hiyo huzimwa polepole na HBB huchukua kazi. Ugonjwa ulikuwepo tangu mwanzo, ila ulikuwa bado haujapata nafasi. Himoglobini hii ya kichanga tutaikuta tena kwenye matibabu.

Mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja kesho, akiwa na homa. Akipumua kwa shida au kulalamika kifua. Akipauka ghafla au tumbo likijaa upande wa kushoto, kwa sababu bandama inaweza kunasa damu nyingi kwa muda mfupi. Au akilegea mkono, mguu au upande wa uso, kwa kuwa kiharusi huwapata hata watoto. Maumivu ambayo dawa ya nyumbani haiyatulizi nayo ni sababu ya kwenda.

AA, AS, SS

Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya HBB, moja ya mama na moja ya baba. Ya kawaida huandikwa A, ya selimundu huandikwa S. Mwenye AA hana selimundu wala haibebi. Mwenye SS ni mgonjwa. Mwenye AS huitwa mbebaji: ana nakala moja nzima inayotengeneza himoglobini ya kutosha, kwa kawaida haumwi, na wengi huishi hadi uzeeni bila kujua. Hii ndiyo sababu pande zote mbili husema kwa uaminifu kabisa kwamba "kwetu hakuna". Jeni ya S inaweza kupita kwa babu, kwa baba, kwa mtoto, bila kumlaza mtu hata siku moja, mpaka ikutane na mwenzake.

Mama anapotengeneza yai, huweka humo nakala moja tu kati ya mbili zake. Baba vivyo hivyo kwenye mbegu. Ni kama kurusha sarafu, na hakuna anayechagua upande utakaoangukia. Wazazi wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto AA, mbili kati ya nne AS, na moja kati ya nne SS.

Neno "kila mimba" lina uzito hapa. Tumewasikia wazazi wakisema, "daktari alituambia mmoja kati ya wanne, na wa kwanza ndiye huyu mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima." Sivyo. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Mimba ya pili ina nafasi ile ile ya moja kati ya nne, na ya tatu, na ya nne. Ukipiga hesabu kwa wenzi wawili wa AS wenye watoto wanne, familia kama 32 kati ya 100 hazitapata mtoto wa SS hata mmoja, na 68 zitapata mmoja au zaidi. Ziko familia zenye watoto watatu, wote wagonjwa, na jirani yao mwenye jeni zile zile ana watano wazima. Jirani huyo hakufanya lolote la kumstahilisha.

Mmoja akiwa AS na mwingine AA, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS, ila nusu ya nafasi ni ya kuwa AS. Mmoja akiwa SS na mwenzake AA, watoto wote watakuwa AS. SS na AS, kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu ya SS. Na kwa kuwa kromosomu namba 11 si ile inayoamua jinsia, wavulana na wasichana huupata ugonjwa sawasawa.

Baba akiambiwa ni AA

Hutokea mtoto akawa na majibu ya SS, mama AS, na baba akaambiwa hana selimundu. Nyumba inaweza kuvunjika jioni ile ile. Kabla ya mtu kufungasha nguo, ni vizuri kujua mambo kadhaa kuhusu vipimo.

Kwanza, alipimwa kwa kipimo gani? Kile cha haraka na cha bei nafuu, kinachoitwa siklingi, huonyesha tu kama seli zinakunjika. Hakiwezi kutofautisha AS na SS, na kikifanywa vibaya kinaweza kumkosa mbebaji. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita hakitegemeki kabisa, kwa sababu ya ile himoglobini ya kichanga. Kipimo cha kuaminika ni kile kinachotenganisha aina za himoglobini, kama vile elektroforesisi. Pili, mtu aliyeongezewa damu miezi mitatu iliyopita au karibu na hapo anaweza kuonyesha himoglobini ya aliyemchangia. Tatu, na hili hata baadhi ya wahudumu hulisahau, kuna ugonjwa mwingine wa jeni hiyo hiyo ya HBB uitwao beta-thalasemia, ambao nakala hutengeneza beta-globini kidogo au haitengenezi kabisa. Baba anayebeba thalasemia hatakuwa na S yoyote kwenye damu yake, lakini mtoto akipata S ya mama na nakala hiyo ya baba, atakuwa na selimundu, na majibu yake yanaweza kufanana sana na SS. Na nne, chupa za damu huchanganywa.

Kwa hiyo kipimo cha selimundu kisitumiwe kama kipimo cha kumjua baba. Hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Rudini wote kupima upya kwa kipimo kamili, na kila mmoja apewe majibu yake kwa faragha.

Kwa nini jeni hii imejaa kwetu?

Jeni inayoua watoto ingetarajiwa ipungue kizazi hadi kizazi. Haikupungua. Tanzania inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Uganda, uchunguzi wa damu ya watoto wachanga nchi nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13 hivi ni AS.

Ufumbuzi wake ulianzia Kenya. Anthony Allison, aliyekulia huko, alikusanya damu mwaka 1949 na kuona kwamba wabebaji walikuwa wengi Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, lakini wachache mno katika nyanda za juu. Penye mbu palikuwa na S. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS humkinga mtoto na malaria, na tafiti zilizofuata, pamoja na za Kilifi, zimethibitisha kuwa mtoto wa AS hupata malaria kali kwa nadra zaidi kuliko wa AA. Katika nchi ya malaria, basi, mbebaji alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua na kuzaa. Ndiyo maana jeni hii iko pia Oman, mashariki mwa Saudi Arabia na India, na ilivuka bahari pamoja na Waafrika waliopelekwa utumwani.

Habari hii imezaa kosa moja la hatari: kwamba mtoto mwenye selimundu hapati malaria. Aliyekingwa, tena kwa kiasi tu, ni wa AS. Kwa wa SS malaria ni adui mkubwa, humaliza damu ambayo tayari ni kidogo. Alale kwenye chandarua kila siku na apewe dawa ya kinga kama kliniki ilivyoelekeza.

Matibabu yanayotokana na kuijua jeni

Penisilini ya kila siku hadi miaka mitano, chanjo, asidi ya foliki na maji ya kutosha ndiyo mambo ya kawaida yanayookoa watoto wengi, na hayahitaji maarifa makubwa ya DNA. Haidroksiyurea ni tofauti kidogo. Dawa hii huamsha tena ile himoglobini ya kichanga iliyozimwa, na seli hukunjika kwa shida zaidi. Utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda kwa watoto wapatao 600 ulionyesha kwamba waliotumia walipungukiwa na maumivu, kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na anayepanga kupata mtoto azungumze na daktari kwanza.

Kupandikiza uloto wa ndugu anayelingana naye kunaweza kumponya mtoto. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza huduma hiyo mwaka 2023. Mwishoni mwa mwaka huo huo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni. Haisahihishi ile herufi. Hukata swichi inayoizima himoglobini ya kichanga. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, kwa hiyo hatuwashauri wazazi wauze shamba kwa matangazo ya mtandaoni yanayodai kuiuza kwa bei rahisi. Na kwa kuwa tiba hizi zote mbili hugusa uloto tu, mayai au mbegu za aliyepona zitaendelea kubeba S.

Kupima

Mtoto mchanga anaweza kupimwa kwa tone la damu ya kisigino kwenye hospitali zenye huduma hiyo. Wachumba wapime kabla ya kupanga harusi, si wiki ya kulipa mahari. Wakikutwa wote ni AS, hatuwaambii waachane. Hilo ni lao kuamua. Tunachowaomba wakioana ni kwamba kila mtoto apimwe mapema ili aanze penisilini kabla ya homa ya kwanza.

Uliza kipimo kinaitwaje kabla ya kutoa damu. Majibu yakitoka, omba yaandikwe kwa herufi, AA, AS au SS, badala ya "chanya" au "hasi", na karatasi hiyo uihifadhi pamoja na kadi ya kliniki. Mtoto wa AS ataihitaji miaka ishirini baadaye, siku atakapokuja na mchumba.